Robo Tatu ya Diwani

Habari ya kifo cha Alban Ndomba ilinikuta nachambua maharage uani kwangu, Mkumbi, kupitia lile kundi la simu la wastaafu wa halmashauri ambalo kazi yake kubwa ni kutakiana Jumapili njema na kutumiana dawa za sukari za mizizi. Mtu aliandika: "Tumempoteza aliyekuwa diwani wa kule ziwani, Mheshimiwa Ndomba. Mazishi kesho." Mikono ya kuomba ikamiminika, kisha mmoja wetu, sitamtaja kwa kuwa bado tunasalimiana, akauliza: "Ndomba yupi huyo?" Nikaitupa simu kwenye ungo. Ndomba yupi! Nilikaa pale mpaka jua likanifukuza kivulini, maharage mazima na mabovu nimeyachanganya upya, na wala sikulia. Kulia nililia zamani nikamaliza. Kilichonishika ilikuwa hamu, hamu ya aibu kwa bibi mwenye wajukuu sita, hamu ya kusikia tena kiatu chake cha kulia kikilia kwenye korido ya halmashauri, kwiyo, kwiyo, kiasi kwamba ningejua ni yeye kabla hajafika mlangoni na ningepata muda wa kujifanya nimeinamia kazi.

Mwaka nilipomfahamu nilikuwa na miaka ishirini na mitano, karani wa vikao pale Mbinga. Vijana wakisikia karani wanadhani ni mtu wa kugonga mihuri. Karani wa vikao ndiye anayeketi pembeni ya meza kuu, hana kura, hana neno, lakini kila neno la wenye kura linapita kwenye kalamu yake, na asichoandika ni kama hakikusemwa. Wilaya ilikuwa bado moja, kutoka kwetu kwenye kahawa hadi ufukweni kabisa. Madiwani wa ziwani walipanda mlima siku moja kabla ya kikao, juu ya lori, wakashuka wamekuwa wekundu kwa vumbi hadi kwenye kope, wakaoga kwa jamaa zao na asubuhi wakaja wamenyooka kama watu waliolala jirani. Sisi wa milimani tuliwacheka, na wao walitucheka kwa kuvaa sweta mchana. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la Bi Mwanaidi, mama wa Kilwa aliyeletwa Mbinga na ndoa, mume akafariki, duka likabaki, na yeye akabaki nalo. Chumba chenyewe kilikuwa kitanda, meza, ndoo mbili na dirisha linalotazama jiko lake, kwa hiyo nguo zangu zilinuka iliki mwaka mzima na ofisini waliniita Mswahili wa Mkumbi.

Uchaguzi ulikuwa umepita, na kwa mara ya kwanza baraza letu likapata wapinzani. Walikuwa watatu, wote wa ziwani, kati ya madiwani thelathini na sita. Watatu tu, lakini ungedhani wameingia mia tatu, kwa jinsi korido zilivyojaa minong'ono. Mdogo wao alikuwa Alban, mwalimu aliyeacha chaki, mrefu, mpole, mbishi. Siku ya kwanza alikuja mezani kwangu kuandikisha jina. "Shikamoo, karani," akasema. Nikamwambia hebu, mimi na wewe nani mkubwa? Akasema ofisini mkubwa ni mwenye kalamu. Nikacheka mpaka mkuu wangu wa kazi, Mzee Chidawali, akachungulia juu ya miwani. Huyo mzee alikuwa Mgogo aliyeletwa na uhamisho, mtu wa Dodoma asiyezoea baridi yetu hadi anastaafu, na katika maisha yangu sijaona mtumishi mwingine aliyeogopa neno baya kwenye muhtasari kuliko dhambi.

Kazi ya kwanza ya baraza jipya ilikuwa kugawa kamati. Zilikuwa nne: ya Fedha, ya Elimu, Afya na Maji, ya Ujenzi, na ya Ukimwi. Kila moja viti tisa, jumla thelathini na sita, na madiwani thelathini na sita. Ungesema basi, kila mtu akae chake, tukanywe chai. Lakini kanuni tuliyokuwa nayo ilitaka kila kamati ifuate uwiano wa vyama, na hapo ndipo chai ilipopoa. Kwenye kikao cha maandalizi, katika kile chumba kidogo chenye dirisha lisilofunguka, alisimama Mheshimiwa Ndunguru, kiongozi wa madiwani wa chama kikubwa, mtu wa maneno matamu na tumbo la kuyabebea. Akasema: "Wenzetu ni watatu katika thelathini na sita. Kwenye kamati ya watu tisa, fungu lao ni robo tatu ya diwani. Haya, waheshimiwa, nani amewahi kuona robo tatu ya diwani imekaa kwenye kiti?" Chumba kikavunjika mbavu. Kwa hiyo, akaendelea, pasipotimia mtu hapakai mtu, viti vyote ni vya chama kikubwa, na wanachama wake watatu watakaa kamati mbilimbili. Alban akasimama. "Kama robo tatu si mtu, ikamilisheni iwe mtu." Ndunguru alikuwa anaingoja hiyo. "Kwenye kamati zote nne? Mko watatu mkae viti vinne? Ndiyo haki ya ziwani hiyo?" Alban akaketi. Na mimi nisiwe mwongo: pale Ndunguru alikuwa na hoja.

Kwa Alban hakikuwa kiti cha kujipepea. Kwenye kata yake kulikuwa na zahanati isiyo na mkunga. Mwanamke akishikwa na uchungu alipakiwa mtumbwini apelekwe hospitali Liuli, ziwa likiwa tulivu, na likichafuka walingoja. Dada yake aliyemfuata alijifungulia mtumbwini. Mtoto aliishi, mama hakuishi. Majina ya wahudumu wa kuombwa na vituo vya kupelekwa yalipangwa ndani ya Kamati ya Elimu, Afya na Maji, na yakishafika Baraza kamili yamefungwa, unaweza kupiga kelele mpaka ukauke. "Nikikosa kile kiti," aliniambia, "nitakuwa nimewadanganya watu wazima walionipa kura." Aliyasema bila kupandisha sauti, huku anachambua kijiti cha kiberiti, na mimi nikaona aibu kwa zile mbavu zilizovunjika chumbani, zangu zikiwemo.

Tulikuwa tumeketi sebuleni kwa Bi Mwanaidi, mchana wa Jumamosi. Alikuwa amekuja na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wakavu, amewafunga kwenye gazeti, na Bi Mwanaidi akawaunga kwa nazi iliyotoka Songea, jambo ambalo kwetu Umatengo tuliliona ni kuharibu samaki na kupoteza nazi. "Mlango wazi, mwanangu," Bi Mwanaidi alisema akitandika mkeka. "Kula mtakula, kucheka mtacheka, lakini mlango wazi. Mimi mjane, maneno siyataki." Mlango ukabaki wazi, na duka likiwa pale, Mbinga nzima ikapita ikatuona tunakula. Hilo sikulifikiria. Mtu akiwa na furaha hupungukiwa akili, acha nikuambie. Nilimtania, mlivyo wengi kule na samaki wenyewe wadogo hivi, mnagawanaje? Akaniambia kwao mitumbwi ikivuta wavu mmoja wanapima kwa beseni. Kila mtumbwi hubakiwa mwishoni na beseni lisilojaa. "Haturudishi ziwani, wala hatusemi limejaa wakati halijajaa. Tunayamimina pamoja yale yasiyojaa mpaka yajaze beseni kamili. Na aliyeshika beseni hachagui. Wanaogawiwa ndio wanachagua." Akachukua tonge lake. Mimi langu likabaki hewani. Robo tatu, robo tatu, robo tatu, robo tatu. Ukiyamimina pamoja ni mabeseni matatu, si manne, na wala si sufuri.

Jumatatu nilichapa jedwali. Viti vitatu kwa wapinzani, kimoja katika kila kamati isipokuwa moja. Chama kikubwa kijaze kamati moja yote tisa na nane nane katika tatu zilizobaki, wote thelathini na tatu, hakuna wa kukaa mara mbili. Na kwa kuwa wakubwa ndio walioshika beseni, wachache wachague kamati ipi waiache. Mzee Chidawali alilisoma mara tatu, akavua miwani. "Binti, hesabu hii umeitoa wapi?" Nikamwambia kwenye samaki, mzee. Hakucheka. Akasema, "Hesabu ni safi. Sasa ombea wasiitazame mikono iliyoiandika." Nilidhani ni woga wake wa kawaida. Siku hizo nilikuwa nayo furaha nyingine iliyonifunga masikio: Ijumaa iliyotangulia Alban alikuwa ameniambia kwamba Baraza likimalizika atamtuma mshenga kwa wazee wangu Mkumbi. Mimi Mkatoliki, yeye Mwanglikana, tulijua kutakuwa na maneno, tukasema maneno yatakwisha. Hakuna aliyeambiwa ila Bi Mwanaidi, aliyejua kabla sisi hatujajua.

Siku ya Baraza ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa mzee mkulima wa kahawa kutoka kata yetu ya Ruanda, mtu wa haki lakini wa kutembea polepole kuiendea. Mzee Chidawali alisoma jedwali kwa jina la ofisi. Nikaona wazee wa milimani wanahesabu kwa vidole, wanatazamana, wanatikisa vichwa kukubali, maana mtu aliyewahi kugawa shamba kwa watoto wake hahitaji kuelezwa mara mbili. Ndipo Ndunguru akanyanyuka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya kura. Jedwali ni la ofisi, sawa, lakini kalamu ni ya mtu. Mbinga hii ndogo. Tunaambiwa, na wengine tumejionea, kwamba aliyeliandika anakula samaki mkeka mmoja na mmoja wa watakaofaidika. Kama ndivyo, jedwali hili ni la mapenzi, naomba litupwe." Ukumbi ukaguna. Mwenyekiti akanigeukia. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Karani, simama. Una uhusiano na diwani yeyote humu ndani?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, na hilo ndilo ninaloulizwa hadi leo, kila nikiosha vyombo. Alban alikuwa ameketi mstari wa mbele, hatua nne kutoka kwangu. Alikuwa ameinamia meza, kisha akainua macho. Nilijua nikisema ndiyo, jedwali linachanwa, robo tatu inakuwa sufuri, na wanawake wa kule wanarudi mtumbwini kwa miaka mitano mingine. Nilijua pia hajatuma mshenga bado, kwamba mbele ya watu mimi si kitu chake. Unaona akili inavyotafuta kamba ya kushika? "Hapana, Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema. "Namfahamu kila diwani kwa jina lake la mahudhurio." Nikaketi. Kura zikapigwa kwa mikono na jedwali likapita kwa wingi hata Ndunguru akaona ni heri ainue wake. Wapinzani wakaulizwa wanaacha kamati ipi. Kila mtu alijua watang'ang'ania ya Fedha. Alban akasimama akasema, "Tunaiacha ya Fedha." Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Loo, kumbe hawa wana akili." Kwa jina lake mwenyewe Alban akaomba ile ya Elimu, Afya na Maji. Sauti yake ilikuwa imepauka. Lori la ziwani liliondoka mchana uleule na yeye akiwemo, hakupita mezani kwangu.

Kesho yake niliandika muhtasari. Fikiria mwenyewe: kukana, na kisha kuketi ukaandike kukana kwako kwa mwandiko safi. Niliandika, "Karani alijibu kuwa hana uhusiano na diwani yeyote." Mzee Chidawali akasoma, akaweka kidole hapo. "Ongeza 'bila kusita'. Itazima moto." Nikasema mzee, jamani. Akasema, "Felista, nimeona watu wakifukuzwa kwa mambo madogo kuliko samaki. Ongeza." Nikaongeza. Baraza lilikaa kila baada ya miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu niliiishi nikitega sikio kwenye korido. Barua sikuthubutu, ningeituma kwa dereva wa lori, na madereva wa wakati ule barua waliisoma kabla ya mwenyewe. Nikajipa moyo kwamba ataelewa, mtu mwenye akili vile, ataelewa tu. Kamati yake ilikaa mara moja katikati, mimi nikiwa nimetumwa Songea na makaratasi. Niliporudi nikakuta kikombe alichonywea hakijaoshwa. Mwanamke mzima, nikakiosha mimi, taratibu.

Alielewa vingine. Nilijua hivyo siku nilipokuwa nyuma ya pazia la duka, nachukua sabuni, nikasikia sauti ya mmoja wa wale wapinzani wawili wengine akichagua vitenge na Bi Mwanaidi. "Fanya bei ya arusi, mama. Ndomba wetu anaoa. Wameshatangazwa kanisani mara mbili." Bi Mwanaidi akauliza anamwoa nani. "Binti wa jirani yao tu, mtulivu. Baba zake wadogo walikuwa wanamsumbua siku nyingi, yeye anasema ana mtu huko juu. Sasa juzijuzi akawaambia pelekeni posa, huko juu hakuna mtu." Niliishika ile sabuni mpaka ikaacha alama ya vidole. Bi Mwanaidi alipokuja nyuma hakusema nilikuonya, ingawa alikuwa na haki. Alisema, "Njoo ule, mwanangu," akanipakulia wali, nami nikala wote, nikalia wote. Najua wenye kusoma haya watasema si ningemfuata, si ningemweleza. Ningeeleza nini? Kwamba nilisema uwongo mbele ya watu thelathini na sita, na kiti chake kimesimama juu ya uwongo huo? Angekuwa mtu wa kukirudisha. Nilimjua.

Mkunga alipelekwa mwaka uleule, na hilo lazima niliseme, maana bila hilo mimi ni mjinga tu. Jina lake lilipita kwenye kamati kwa hoja ya Mheshimiwa Ndomba, na leo kuna watu wenye ndevu kule ufukweni waliozaliwa kwenye kitanda. Mimi pia niliolewa baadaye, na mtu mwema, Mungu amrehemu, sikumnyima kitu ila ule mwaka mmoja ambao haukuwa wake. Lakini ninachokitaka kukiandika kabla sijaanza nami kusahau ni kikao kilichofuata, cha kuthibitisha muhtasari. Ni kazi inayochosha kuliko zote: Mwenyekiti anataja ukurasa, watu wanasema sawa, anageuza. Alban alikuja siku ile na pete kidoleni, mpya, bado anaizungushazungusha. Ukurasa wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu. "Ukurasa wa nne?" Nikainamia kalamu. Nikasikia kile kiti cha mbele kikisogea.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina marekebisho." Ndunguru akageuka na shingo nzima. "Aya ya mwisho. Pameandikwa kwamba karani alipoulizwa alijibu bila kusita. Si kweli. Alisita." Mwenyekiti akauliza, kwani kuna tofauti gani, Mheshimiwa? "Muhtasari ni kumbukumbu ya kweli, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Siku ile nilisikia jibu tu. Nilipokuja kusoma maneno haya juzi ndipo nikakumbuka nilivyoona. Alisita, tena sana. Naomba hayo maneno mawili yaondolewe." Watu wakacheka, wakidhani ni ule ubishi wake wa kiualimu. Hata Mwenyekiti akatabasamu, akasema haya, kusita si kosa, kila mtu akisimamishwa mbele ya baraza husita. Jibu linabaki palepale. "Jibu libaki," Alban akasema. Akaketi, wala hakunitazama, alikuwa anaitazama mikono yake.

"Karani, futa," Mwenyekiti akaniamuru. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya "bila kusita", kama kanuni inavyotaka, maneno yaendelee kusomeka chini yake, nikaweka herufi za jina langu pembeni. Mwenyekiti akaweka zake. Kisha akasema, ukurasa wa tano.